Chupa Nyuma ya Mtungi

Siku walipomzika Seif, Mwanamisi hakulia, na maneno yote yalianzia hapo. Wanawake wa Karatu waliojaa chumbani kwake walimwona amekaa mkekani, khanga ameifunga kichwani barabara, macho makavu, wakanong'onezana kwamba hii ndiyo subira. Bi Kuluthumu, ambaye hakosi msiba wala arusi, alisema amezika watu wengi mno kuwakumbuka lakini hajapata kumwona mama aliyepokea amri ya Mungu kwa utulivu kama huu. Wengine wakaitikia mashallah.

Subira gani. Mwanamisi hakuwa na subira, wala hakuikosa. Alikuwa akiangalia ukili wa mkeka uliofumuka pembeni na kuwaza kwamba unataka kushonwa. Basi. Alingoja kilio kama mtu anavyongoja chafya, kikamjia hadi puani, kikarudi kilikotoka. Baada ya hapo hakukingoja tena.

Seif alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyepatikana baada ya miaka mingi ya kuulizwa na watu kulikoni. Alikuwa ametimiza miaka miwili, amekwisha kuachishwa ziwa, ameanza kukimbia na kuwatukana kuku wa jirani. Surua ikamkuta katika ile baridi ya katikati ya mwaka uliofuata Uhuru, wakati ukungu unateremka kutoka Ngorongoro na kulala barabarani mpaka saa za mchana. Ilimchukua upesi.

Tangu msiba ule watu waliacha kumwita Mama Seif. Walifanya hivyo kwa huruma, kila mmoja kwa hiari yake, wakidhani wanamficha kidonda. Akawa Bi Mwanamisi. Hata Abbasi mumewe, ambaye tangu mtoto azaliwe hakupata kumwita kwa jina lingine, alirudia kumwita Mwanamisi kama walivyokuwa Kondoa siku za uchumba. Abbasi naye hakulitaja jina la mtoto. Alifungua duka, akapima chumvi na mafuta ya taa, akafunga duka. Nyumba ilikwenda kama kawaida na hakuna aliyegombana na mwenzake.

Jambo moja tu Abbasi aliliona. Siku moja mkewe alitia chumvi kwenye chai mahali pa sukari. Abbasi alipiga funda moja, akakimbilia mlangoni kutema. Alipogeuka akamkuta Mwanamisi anamalizia kikombe chake, taratibu, mpaka machicha. Aliketi akamtazama, na siku ile hakurudi dukani mpaka jua lilipoinama.

Nadhani ni kwa ajili ya chai ile Abbasi alimpelekea habari kaka yake.

Kaka yake aliitwa Shaabani, akikaa Mto wa Mbu, na katika maisha yake alikuwa ameshauza kila kinachouzika: ndizi, mikeka, redio zisizosema, mafuta ya kuotesha nywele ambayo yeye mwenyewe, kwa kichwa kile, angefaa kuanza nayo. Mdomo alikuwa nao. Ukisimama kumsikiliza umeshanunua. Safari hii alishuka kwenye lori akiwa na sanduku la mbao lililojaa chupa ndogo, zile za dawa ya kikohozi, zimeoshwa na kujazwa maji ya rangi ya kahawia. Kila chupa ilibandikwa karatasi yenye picha ya simba aliyelala, na chini yake maandishi: Tuliza Moyo.

"Shemeji, pole kwa yaliyokukuta," alimwambia Mwanamisi, na pole yake ilikuwa ya kweli, maana Shaabani hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara tu. "Hii si hirizi, si uganga. Ni mizizi mitupu. Inaota ukingoni mwa kreta, huko Nainokanoka, na wazee wa Kimasai ndio wanaoijua. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Na nyingine unapaka hapa kifuani, moyo unapopigia. Mawazo yote yanakaa chini."

"Ahsante, shemeji," alisema Mwanamisi.

Akaichukua chupa, akaingia nayo jikoni, akaiweka nyuma ya mtungi wa maji. Usidhani aliipuuza kwa kuwa ana akili kuliko wengine. Hakuamini wala hakukataa. Kufungua kizibo kulitaka mtu anayetaka kitu, na yeye hakutaka kitu. Jioni Abbasi alipomuuliza kama amekunywa, alijibu ndiyo, kwa sababu hapana ingeleta mazungumzo. Kesho yake akajibu ndiyo tena, na baada ya hapo Abbasi akaridhika.

Shaabani hakuondoka. Aliweka sanduku lake kwenye kaunta ya ndugu yake, kati ya sabuni na viberiti, na siku za mnada alilibeba hadi uwanjani kwenye ng'ombe na vumbi. Wateja wake wakubwa walikuwa watu wa mashambani, wale waliotoka Singida na Dodoma na Mbulu kuja kuchuma kahawa ya wenyewe. Hao walikuwa mbali na kwao, na mtu aliye mbali na kwao hakosi mawazo. Lakini mizizi pekee haikutosha kuwashawishi. Walitaka kumwona mtu aliyepona.

"Mnamjua mke wa Abbasi?" Shaabani aliwauliza. "Kafiwa na mtoto, mtoto wa pekee. Nendeni mkamtazame. Mmemsikia akilia? Mmemwona hata kulegea jicho? Anapika, anafagia, anawapokea wageni. Ni nini hicho? Ni Tuliza Moyo."

Watu walikuja kumtazama. Walinunua kitu kidogo dukani na kuchungulia pazia la nyuma, wakamwona anachambua mchele. Kweli, hakuwa akilia. Ile subira ya Bi Kuluthumu iliyokuwa ya Mungu siku ya maziko, sasa ikawa ya Shaabani, na Bi Kuluthumu mwenyewe alinunua chupa mbili. Mwanamisi aliyasikia yote kutoka nyuma ya pazia. Hayakumuudhi. Alijua kwamba yangepaswa kumuudhi, akaendelea na mchele.

Ni mtu mmoja tu aliyemsumbua Shaabani, na wala hakukusudia. Huyo alikuwa Moringe, Mmasai wa makamo kutoka Olbalbal, aliyekuwa akipanda na kushuka kwa miguu kuja kununua sukari na tumbaku. Shaabani alipomwona tu, na duka limejaa, alimshika mkono.

"Rafiki, hebu waambie hawa. Hii si dawa ya kwenu?"

Moringe aliinusa chupa, akairudisha. "Dawa ya kwetu tunachemsha na nyama. Hii mimi sina habari yake."

Watu wakacheka. Shaabani naye akacheka nao, kisha akabadilisha sauti. "Sawa, ni ya wazee wa Nainokanoka, wewe wa bondeni huwezi kuijua. Lakini huzuni unaijua. Ng'ombe wako si waliisha na ule ukame wa mwaka wa Uhuru?"

"Waliisha."

"Basi kunywa hii, huzuni inakwisha."

"Na ng'ombe wanarudi?"

"Ng'ombe hawarudi, bwana. Huzuni ndiyo inakwisha."

Moringe alilifikiria jambo hilo kwa makini, kama mtu anayepewa bei. "Sasa ng'ombe hawapo, na huzuni umeichukua," alisema. "Mimi nibaki na nini?"

Akachukua sukari yake akaenda zake. Nyuma ya pazia Mwanamisi alikuwa ameshika ungo, na mikono yake ilisimama. Ilisimama kitambo kidogo tu, halafu ikaendelea.

Siku zilizofuata alikuja Bibiana. Huyu alikuwa mama kijana, Mnyaturu, mke wa Bonaventura aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba moja la kahawa upande wa Oldeani. Alikuwa na desturi ya kuleta mnafu na mchicha mlango wa nyuma, mtoto mgongoni, akabadilishana na mafuta ya taa. Hakuwa mtu wa mjini, na zile adabu mpya za kumwita mwenye nyumba Bi Mwanamisi hazikumfikia kule kambini kwa wafanyakazi.

"Hodi, Mama Seif."

Mwanamisi alimwangalia. Hakuna aliyemwita hivyo tangu msiba.

"Karibu."

Bibiana aliweka mboga chini, akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Alikuwa amekonda. Alieleza kwamba mama yake amefariki huko Singida, na habari zilimfikia matanga yameshaanuliwa, watu wameshatawanyika. Hakumwona, hakumzika, hakumwaga hata konzi ya udongo. Sasa halali. Akilala anamwona mama anapepeta mtama na hageuki.

"Huyu mzee wa dukani anasema dawa yake imekuponya wewe," alisema. "Nimesema sitanunua kabla ya kukuuliza mwenyewe. Ni kweli, Mama Seif?"

Hapo palikuwa pa kusema hapana. Neno lenyewe fupi. Mwanamisi alilitafuta, na aliona jinsi litakavyoleta maswali, na maswali yataleta Abbasi, na Abbasi ataleta ile sura yake ya siku ya chai. Alichoka kabla hajafungua kinywa.

"Mimi silii," alijibu.

Halikuwa neno la uongo. Bibiana alishukuru, akapita mbele, akanunua.

Zikapita siku, mboga hazikuja. Mwanamisi hakuuliza. Kisha asubuhi moja, baada ya mvua za vuli kuanza, Bibiana alibisha hodi akiwa ameloa, mtoto amemkumbatia kifuani badala ya kumbeba mgongoni. Mtoto huyo, Rafaeli, alikuwa mchanga bado, hajaanza hata kukaa. Alikuwa akilia kwa sauti nyembamba isiyo na nguvu, na macho yake yalikuwa yameingia ndani.

"Amekataa ziwa," alisema Bibiana. "Maji ya mchele anakunywa kidogo, ziwa hataki. Nikimweka tu anageuza uso, analia. Kambini wanasema nimembemenda, kwamba Bonaventura hakungoja mtoto akue. Wallahi si kweli, Mama Seif. Nimekwenda kwa mzee wa dawa, anasema maziwa yangu yamechacha kwa mawazo, nizidishe dawa. Nimezidisha. Ndiyo kabisa hataki."

Mkristo yule alikuwa ameshajifunza wallahi za mnadani, na wakati mwingine Mwanamisi angetabasamu. "Nipe mtoto," alisema.

Alimpokea. Ilikuwa mara ya kwanza kushika mtoto tangu wake afariki, na alingoja aone kama kitu kitatokea, hakikutokea. Alimpa kidole, mtoto akakinyonya kwa nguvu zake zote. Hivyo njaa anayo, na kinywa hakina kidonda. Akamrudisha kwa mama yake.

"Mweke nione."

Bibiana akafungua khanga. Mtoto alilifuata ziwa kwa pupa, akalikaribia, pua ikaligusa. Kisha akakunja uso wote na kugeuka upande. Hakugeuka kama mtoto anayekataa tu. Aligeuka kama mtu aliyedanganywa.

Mwanamisi aliijua sura ile.

"Hiyo dawa unaipaka wapi?" aliuliza.

"Hapa kifuani. Moyo unapopigia. Si ndivyo na wewe ulivyofanya?"

Mwanamisi aliinuka. Alikwenda jikoni, akaingiza mkono nyuma ya mtungi, akatoa chupa yenye simba aliyelala. Ilikuwa imeota vumbi na kizibo kimekaza. Alikifungua kwa meno, akachovya kidole, akakilamba.

Uchungu ulimpiga kwenye mzizi wa ulimi, ukapanda puani, ukamtoa machozi ya kawaida, yale ya pilipili na vitunguu. Mtu aliyekunywa chai ya chumvi bila kujua alikuwa ameonja kitu. Na hakuhitaji kuonja tena. Hakukuwa na mzizi wa Nainokanoka humo, wala mzee wa Kimasai. Ilikuwa shubiri na maji, na sukari guru kidogo ya kutia rangi. Ilikuwa shubiri ile ile iliyosimama pale uani kwake kando ya choo, ambayo kila mama aliyekulia Kondoa anajua kazi yake.

Alikuwa ameikata mwenyewe, jani nene, siku Abbasi aliposema mtoto ametimiza miaka miwili sasa mwachishe. Aliukamua utomvu, na kabla ya kujipaka alilamba kidole kwanza, ajue kama hautamuunguza. Seif alidhani ni mzaha. Alionja, akatema, akacheka, akajaribu tena. Siku ya pili hakucheka. Baadaye alizoea uji, na mama yake alimsifu kwa majirani kwamba hakusumbua. Kisha surua ikaja. Ile siku ya mwisho hakuweza uji wala maji, midomo imekauka, na Mwanamisi alifungua kifua akampa, potelea mbali kuachishwa. Alikuwa ameshajiosha, siku nyingi zilikuwa zimepita, hakukuwa na shubiri yoyote. Lakini mtoto alikuwa ameshafundishwa. Alinusa, akakunja uso, akageukia ukutani, na hakumgeukia tena.

Hilo ndilo alilokuwa amekalia siku zote hizo, juu ya mkeka, na watu wakisema mashallah.

"Mama Seif?" Bibiana aliita kutoka uani. "Kuna nini?"

"Ngoja," alisema Mwanamisi, na sauti ilimtoka ngeni.

Aliiweka chupa kizingitini, akachukua maji ya moto yaliyokuwa jikoni, sabuni ya mche, na kitambaa. Alimkalisha Bibiana na kumwosha kifua kama anavyooshwa mtoto, akasugua, akasuuza, akabadilisha maji, akasugua tena mpaka Bibiana akasema anaumia. Akanusa ngozi yake bila haya. Akaosha tena. Khanga iliyokuwa imenyonya dawa aliivua na kuitupa mbali, akampa yake. Halafu akachukua samli kidogo, akaikoroga na sukari, akapaka.

"Dawa usiiguse tena. Ni shubiri, ya kuachishia ziwa. Ulikuwa unamwachisha mwenyewe bila kujua. Mweke."

Rafaeli alikataa. Aligeuza uso hata kabla ya kunusa. Mwanamisi akapiga magoti kwenye matope ya uani, akamshika mtoto kisogoni, akachukua ile samli kwa ncha ya kidole na kumtia mdomoni. Mtoto akalamba. Akampa tena, karibu zaidi na ziwa. Na tena. Moyo wake Mwanamisi ulikuwa unakwenda mbio, nao kwa muda mrefu haukuwa umekwenda popote. Alikuwa akisema neno moja kwa sauti ya chini, geuka, geuka baba, geuka, na Bibiana hakujua anaambiwa nani.

Mtoto akageuka. Alinusa, akasita, akashika. Akanyonya kwa kelele, akimeza na kuhema, mkono mdogo umekamata khanga.

Kile kilio kikaja. Hakikuja kwa adabu. Mwanamisi alikaa chini pale pale kwenye matope, akalia kwa sauti ambayo mwenyewe hakuijua kuwa ni yake, akimwita Seif kwa jina, akimwomba radhi. Kuku wa jirani wakakimbia. Bibiana, mtoto kifuani, alimwekea mkono begani na kuanza kulia naye, mama yake wa Singida akapata chozi lake hapo.

Duka zima likasikia. Pazia likavutwa, Shaabani akatokea kwanza, nyuma yake wateja, Bi Kuluthumu akiwa mbele yao. Shaabani alimwona shemeji yake chini, na alichokisema alikisema kwa huruma kabisa, na kwa sauti ya kuwafikia wote.

"Basi, shemeji, basi. Umeacha dawa. Mnaona, jamani? Akikosa kidogo tu, mambo yanarudi. Nipeni kijiko, atanyamaza sasa hivi."

"Sijapata kuinywa," alisema Mwanamisi katikati ya kwikwi, na akanyooshea mkono mlango wa jikoni. "Ile pale. Imejaa."

Abbasi alikuwa amewapita watu wote. Aliiokota chupa kizingitini, akaiangalia ilivyojaa, akatia kidole, akakilamba. Alikuwa nyumbani siku zile za kumwachisha mtoto, akiona na kusikia. Alisimama pale na ule uchungu mdomoni, na safari hii hakutema.

"Kaka," alisema, "funga sanduku lako."

"Lakini mtazame anavyoteseka, Abbasi. Kijiko kimoja tu—"

"Mwache," alisema Abbasi. Akaenda kukaa chini kwenye matope, kando ya mkewe. "Mama Seif analia."